Mistari Miwili ya Shaba

Ukiwauliza watu wa zamani wa Kolwezi kuhusu Ngeleka, wengine watakujibu kwa mlio kabla ya kukujibu kwa maneno. Watagonga meza kwa kidole: ti-ti-ta, ti-ti-ta. Hiyo ndiyo nyundo yake. Mama waliopita na beseni za mihogo kichwani waliisikia toka mbali wakajua mji umeamka. Ikinyamaza saa za mchana walicheka: "Agnès amemuitia mume wake chakula."

Baba yake alikuja na reli akiwa kijana, akitokea Kasai, pamoja na wenzake wengi walioletwa kwa kazi ya mgodi. Ngeleka mwenyewe alizaliwa kambini, na kitovu chake kikazikwa nyuma ya nyumba ya matofali ya Kampuni, karibu na bomba la maji ambapo wanawake waligombania zamu. Kasai hakuijua. Aliijua kwa nyimbo za mama yake tu, na kwa ubishi wa wazee waliosema bukari ya Katanga, yaani ugali wake, ni laini mno, mtu anaila asubuhi na mchana ameisahau. Yeye aliila na kushiba. Alizungumza Kiswahili cha Kolwezi, akaoa Agnès Mushiya, binti wa kambi ileile, aliyekuwa na sauti nzuri kanisani na kifua kibovu tangu utotoni.

Shaba ya kupigwa alijifunza shuleni kwa mapadri. Pengine hujawahi kuiona ikitengenezwa, ndugu yangu, basi nikueleze kidogo. Unachukua bati la shaba, unalilaza kifudifudi juu ya lami iliyokauka nusu, unalipiga mgongoni kwa nyundo na tindo butu. Picha inatokea upande wa pili, ule usiouona. Mpigaji anafanya kazi kinyume: mkono wa kulia wa mtu unaupiga kushoto, jina la mtu unaliandika kuanzia mwisho. Kadiri unavyopiga, shaba inakuwa ngumu. Ikishakuwa ngumu lazima uirudishe motoni mpaka iwe nyekundu, uitumbukize majini, nayo inalainika tena kama siku ya kwanza. Ukiona uvivu wa kuwasha moto ukaendelea kupiga, itapasuka.

Mchana Ngeleka alikunja mabati katika karakana ya Kampuni. Jioni alipiga shaba yake mwenyewe nyuma ya nyumba, na Agnès akaisugua kwa limau na majivu mpaka ukaweza kujitazama ndani yake.

Huko nyuma ya nyumba ndiko Séraphin Kabemba alikomkuta. Séraphin alikuwa mtu wa kaskazini mwa Katanga, mwalimu aliyechoka na chaki, mwembamba, mwenye kofia asiyoivua hata mbele ya chakula. Alikuwa ameomba nyumba moja iliyoachwa na mhandisi mzungu kwenye barabara ya kwenda Mutoshi, akaijaza vitu vya wazee: misalaba ya shaba waliyoimimina mababu katika udongo wa kichuguu, mivukuto yao, kofia ngumu za wachimbaji wa kwanza, taa zao, na picha kubwa ya watu wakishuka garimoshi na mabunda yao. Watu waliiita Kwa Bankambo, yaani kwa mababu. Walipita mbele yake, wakaisalimia kwa heshima, hawakuingia.

"Tata Ngeleka," Séraphin alisema siku hiyo, amesimama na kofia yake, "mi niko na nyumba ya kimya, weye uko na makelele. Tuchanganye."

"Kimya yako inakulaka nini, Tata?"

"Haikulake kitu. Njo maana nakuya kwako."

Agnès alicheka akiwa jikoni. Séraphin akapata nguvu.

"Unasikia, bantu habawezi kulipa juu ya kuangalia kitu yenye ilisha kufa. Lakini kitu yenye iko nazaliwa, batasimama. Kuya upige shaba mu lupango yangu, mu uwanja ya nyumba. Kuko paa, kuko kivuli, kuko barabara. Mwenye kuya kuona bankambo atakuona weye. Mwenye kuya kukuona weye, nitamusukuma kidogo aone bankambo."

"Na siku mutagombana?" Agnès akauliza, mikono yake imejaa majivu. "Mutakuwa muliandikiana?"

Séraphin akatoa mfukoni msalaba mmoja wa kale, mdogo kama kiganja cha mtoto, mweusi kwa umri. Si msalaba wa kanisa. Ni ule wa mikono inayolingana, kama mtu aliyelala akinyoosha miguu na mikono. "Bankambo balikuwa banaoa na hii, mama. Banapeana, kila mutu anaenda kwake. Habakuandikiana."

Ndivyo walivyopata alama yao. Ngeleka akimaliza picha, alipiga mstari mmoja kwenye pembe ya chini. Séraphin aliichukua, akaitazama mbele ya mwanga, akiridhika naye alipiga mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, ukawa msalaba. Picha yenye mstari mmoja haikuuzwa. Ilimaanisha mmoja wao bado ana neno.

Tangu hapo wakaacha kuitana Tata, jina la heshima la kila mtu. Waliitana Asosie, yaani mshirika wangu, mbele ya watu na pasipo watu.

Kazi ilikwenda. Mabwana harusi waliagiza majina yao na ya wake zao. Watu wa Kampuni waliostaafu walipewa picha ya mnara wa mgodi, waitundike sebuleni na kuitazama mpaka wafe. Walimu walileta watoto toka Nzilo. Watoto walianza kwa nyundo wakaishia kwenye misalaba, na Séraphin aliwasimulia huku kofia ikimtelemkia machoni kwa furaha. Bwana mmoja wa Kisenge aliagiza uso wa mama yake marehemu bila kuwa na picha yake hata moja. Alikaa kando ya Ngeleka akimweleza, pua hivi, shavu hivi, na ilipogeuzwa akalia. Ukumbi ulipovuja, walipiga bati wenyewe. Séraphin aliwahi kushika nyundo akitaka kujifunza. Ngeleka akamweleza habari ya moto.

"Moto ni yako, Asosie," Séraphin alisema, akamrudishia nyundo. "Mi nataka tu mulio."

Miaka mingi ilipita hivyo. Kisha mambo yakaanza kuanguka, na hayakuanguka moja moja. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka. Askari walipora maduka, wazungu wakapanda ndege na mbwa wao. Mishahara ikachelewa, ikapungua, ikawa hadithi. Hakuna aliyetaka picha ya mnara wa mgodi. Ngeleka alipiga sufuria na vifuniko, navyo vikatiwa msalaba pembeni, kwa sababu Séraphin alisema kifuniko nacho kina heshima yake.

Halafu yakaja maneno. Mwanzo yalikuwa ya mikutano: kwamba Katanga imeliwa na wageni, kwamba kila kiti cha kazi kimekaliwa na Mkasai. Halafu yakawa ya barabarani. Vijana walipita mbele ya lupango wakiimba kwamba bilulu, wadudu, warudi kwao. Ngeleka aliendelea kupiga. Kijana mmoja akasimama.

"Weye mwenye nyundo! Kwenu ni wapi?"

"Nyuma ya bomba ya kambi," Ngeleka alijibu bila kuinua uso. "Kitovu yangu iko pale. Enda uichimbue."

Wenzake wakamcheka yule kijana, akaondoka kwa hasira. Séraphin alikuwa barazani. Aliona yote, akasikia yote. Aliingia ndani akapangusa misalaba ambayo haikuwa na vumbi.

Mwezi wa mvua nyingi, Ngeleka na Agnès walitolewa nyumbani. Haikuchukua muda. Waliokuja waliwajua kwa majina. Mmoja alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria kilichopigwa na Ngeleka, akakigonga kama ngoma. Mume na mke walichukua godoro, sufuria moja, begi la nguo, nyundo na tindo. Walikwenda stesheni kama walivyokwenda Wakasai wote wa Kolwezi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo hawangepigwa.

Stesheni ilikuwa imejaa watu mpaka relini. Walijenga vibanda kwa mashuka na magunia. Garimoshi lilikuja likitaka, halikuja lisipotaka, na lilipokuja lilikuwa na mabehewa ya makaa na ya mawe yasiyo na paa, na behewa moja au mawili tu yenye paa na madirisha. Hayo ya paa hukuingia bila jeton, kipande kidogo cha bati kilichotolewa na katibu wa mkubwa mmoja wa mji. Mvua ilinyesha kila alasiri. Kifua cha Agnès kikaanza kupiga filimbi usiku na mchana.

Hilo ndilo lililobaki katika maisha ya Ngeleka, ndugu yangu. Nyumba ilikuwa imekwenda, kazi imekwenda, mji umekwenda. Alitaka kitu kimoja: Agnès asafiri chini ya paa. Alijua behewa la wazi lingemmaliza.

Jirani yao wa kibanda aliitwa Nkongolo, mtoboaji miamba wa zamani, mzee wa maneno makali na masikio mabovu kwa sababu ya mashine. Yeye alimpa Agnès kona ya turubai lake. "Mi nilikunywa vumbi ya Kolwezi miaka yote," alisema. "Sasa banasema nirudishe. Mulete basi kikombe, nitatapika."

Siku moja Séraphin alikuja. Alikuwa amebeba bukari na samaki kwenye kitambaa, na kitu bapa kimefungwa ndani ya blanketi. Alimsalimia Agnès kwa mikono miwili, akachuchumaa.

"Tata Ngeleka," akaanza.

Ngeleka aliacha kutafuna. Kwa miaka yote ile, Tata ilikuwa imelala.

"Sema."

"Katibu wa mukubwa alikuya Kwa Bankambo. Beko na sikukuu. Banataka picha ya shaba, kubwa, ya kutia mu salon, sebule ya mukubwa. Nikamuambia mupigaji haiko tena. Akasema basi nyumba nayo haina kazi, bataifanya biro, ofisi ya bijana." Alifungua blanketi kidogo, shaba ikang'aa. "Nikamuambia nitatafuta. Nikamuomba jeton juu ya mama Agnès. Akakubali. Picha ikifika, jeton inatoka."

"Picha ya nini?"

Séraphin alitazama chini. "Mukono. Umeshika musalaba ya bankambo. Na maneno juu."

"Maneno gani?"

"Katanga kwa Wana Wake."

Nkongolo, ambaye siku nyingine hakusikia hata radi, alisikia hilo. "Eh! Chura anaambiwa apige ngoma ya nyoka!"

Ngeleka alimtazama Agnès aliyekuwa ameegemea begi, shingo yake ikivuta pumzi kama kamba inayovuta ndoo. Kisha akanyoosha mkono, akapima unene wa bati kati ya vidole viwili.

"Lami uko nayo?"

"Niko nayo."

"Na makaa."

"Nitaleta. Lakini..." Séraphin akapunguza sauti. "Mustari usitie. Hii hapana. Bote banajua mustari yako."

"Sitatia."

Alipiga kazi ile palepale, katikati ya watu, juu ya kipande cha taruma la reli. Mlio ukaenea stesheni nzima, na kwanza watu walitabasamu, kwa kuwa ulikuwa mlio wa nyumbani. Walipojua ni kazi ya nani, wakamgeukia. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na moto wake. Nkongolo alikaa mkabala naye, mikono juu ya magoti.

"Ngeleka, banatufukuza, na weye unabapambia nyumba."

"Napiga, Tata Nkongolo. Mi napiga tu."

"Hata mwenye kuchimba kaburi anasema nachimba tu."

"Muke wangu anapumua kama mivukuto. Unamusikia?"

Nkongolo akasema hasikii, masikio ni mabovu. Lakini alimsikia, kwa sababu baadaye alikwenda kuokota makaa yaliyomwagika kwenye reli, akayaweka kando ya moto.

Maneno yale Ngeleka aliyapiga kinyume, herufi ya mwisho kwanza, na kinyume hayakuwa na maana yoyote. Yalikuwa mashimo na mistari. Kila mara bati lilipokuwa gumu alilirudisha motoni, likalia majini, likalainika. Mara ya mwisho alilipiga kwa muda mrefu bila kulirudisha, maana ndivyo inavyofanywa: picha iliyokamilika huachwa ngumu, isije ikapindwa na mikono ya watu. Makaa yakaisha hapo. Aliigeuza. Mkono ulikuwa mzuri. Ulikuwa na mishipa, na kucha iliyovunjika ya mtu wa kazi.

Agnès aliomba apewe aisugue. Limau halikuwepo, alisugua kwa majivu na mate, akipumzika kila baada ya kidogo. Alipofika pembe ya chini, akasimama.

"Ngeleka. Umetia mustari."

Alisogea kutazama. Ulikuwapo. Mfupi, wa kina, umenyooka. Hakukumbuka kuupiga. Mkono ulikuwa umemaliza picha, na mkono uliomaliza picha ulijua kinachofuata, haukungoja kuulizwa.

Séraphin alifika wakiwa bado wanautazama. Naye akauona.

"Nilikuambia!"

"Uliniambia. Lete makaa, nitailainisha, nitautoa mustari, hautaonekana."

"Hapana wakati! Katibu anangoya. Sikukuu ni leo."

"Basi sikiliza." Ngeleka akamshika kiwiko. "Usiupige kuutoa. Shaba hii imekuwa ngumu, moto hauko. Tia mustari yako juu ya yangu. Itakuwa musalaba. Katanga yote iko na musalaba, na mukono wa picha umeushika. Nani atauliza?"

"Batajua ni alama yetu."

"Batajua, ao bataona musalaba. Ni pigo moja, Asosie."

Séraphin alishtuka kwa jina hilo, akageuka haraka kuona nani amesikia. Ngeleka alimpa nyundo yake na tindo yake, vyote viwili. Akamwona akiondoka kati ya watu, picha ndani ya blanketi, kofia imeinama.

Yaliyotokea Kwa Bankambo, Séraphin aliyaeleza mwenyewe, na hakuyapamba. Aliweka picha juu ya meza ya misalaba. Alishika tindo, akaiweka juu ya mstari wa Ngeleka, ikakaa sawasawa kwa mazoea. Pigo moja lingetosha. Nje vijana walikuwa wanaimba. Alifikiri: huu msalaba uko kwenye kila sebule ya mji, na kila sebule inajua ni wangu na wa Mkasai. Alifikiri habari ya watoto wa dada yake. Akaondoa tindo. Akaigeuza picha, akachukua nyundo, akaanza kuupiga ule mstari kwa nyuma ili utoweke. Polepole, halafu kwa nguvu, kwani haukutoka. Shaba ikatoa sauti ndogo kama kijiti kinachovunjika. Ufa ukatoka pembeni, ukapanda, ukakata mkono wa picha kwenye kifundo, ukaishia katikati ya maneno.

Katibu hakupiga kelele. Aliitazama, akasema hawezi kumpelekea mkubwa mkono uliokatika siku ya sikukuu. Jeton akairudisha mfukoni. Kabla ya jua kuzama vijana walikuwa wameshatoa mivukuto na kofia za wachimbaji nje kwenye mvua, na ukumbi umekuwa biro yao.

Garimoshi lilikuja asubuhi iliyofuata. Watu walikuwa wanapanda tayari, wakirushiana watoto na magunia, Séraphin alipofika mbio akiwa na blanketi lake. Ngeleka aliona uso wake akajua kabla hajafungua.

Alifungua. Agnès, ambaye Ngeleka alikuwa amemshika chini ya makwapa, alinyoosha kidole akaufuata ule ufa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Uliipiga baridi," akasema.

"Mama Agnès..."

"Miaka yote ulisikia nyundo, Tata Séra. Moto haukuusikia?"

Hakusema kwa ukali. Hakuwa na pumzi ya ukali. Séraphin alianza kulia, kofia mkononi. Kichwa chake kilikuwa na upara ambao hawakuwahi kuuona. Akaweka nyundo na tindo chini, kisha akaviokota tena.

"Acha nitie sasa," akasema. "Mustari yangu. Hapa, mbele ya bantu. Baone."

Ngeleka alimtazama mtu huyu ambaye alikula naye, aliyepiga naye bati la paa wakati wa mvua. Alitaka kumchukia na hakupata nafasi. Behewa lilikuwa linajaa.

"Hapana," akasema. "Ya mustari moja haiuzwi. Iache vile."

Akachukua nyundo, tindo na picha. Nkongolo, aliyekuwa juu ya behewa la mawe, alimvuta Agnès kwa mikono yake ya mtoboaji, taratibu kama anavuta yai. Garimoshi liliondoka likisimama na kuanza, likisimama na kuanza. Séraphin alitembea kando yake kwa muda, halafu hakuweza tena.

Mvua iliwakuta katikati ya pori, kabla ya Kamina. Turubai la Nkongolo lilichanika kwa upepo. Ngeleka alikaa amemlaza Agnès mapajani, akaishika picha juu ya kichwa na kifua chake kama paa. Ilikuwa kubwa ya kutosha. Lakini maji yalifuata ufa, yakadondoka pale pale, tone baada ya tone, na hata alipoizungusha yalipata njia. Alifunika ufa kwa kiganja. Mkono ulikufa ganzi, akabadilisha, ukafa ganzi wa pili. Agnès alisema shaba inanuka limau. Hapakuwa na limau. Baadaye filimbi ya kifua ikawa ndogo, ikawa mbali, na Ngeleka aliendelea kushika picha juu yake muda mrefu baada ya mama mmoja kumwambia, "Tata, acha. Pumzika mikono."

Garimoshi liliposimama mahali pasipo jina, kwa shida ya injini, wanaume walishuka kumzika. Hawakuwa peke yao. Familia nyingine nazo zilichimba. Walichimba kwa sufuria na kwa mikono. Udongo ulikuwa mwekundu na laini, Nkongolo akasema huu hata tindo hauhitaji, kisha akaona aibu, akainamia kuchimba.

Hapakuwa na mbao za msalaba. Ngeleka alileta picha. Akaisimamisha kichwani mwa kaburi, akayaona maneno yamemkabili Agnès, Katanga kwa Wana Wake, yamekatwa katikati. Akaigeuza. Mgongo ukawa mbele: mashimo ya nyundo, kila pigo mahali pake, yasiyosomeka na mtu. Akaikandamiza udongoni.

Akashika tindo. Pembeni, upande huo wa nyuma, alipiga mstari mmoja. Kisha akabaki ameshika nyundo, kwa maana mkono ulijua kwamba kazi haijaisha, na wa kuimaliza hakuwapo.

"Uko unangoya nini?" Nkongolo akauliza.

"Kuna mustari ya pili. Si ya kwangu kupiga."

Mzee akafikiri. Injini ilianza kukohoa, watu wakaanza kukimbia. "Basi leta," akasema. Alishika tindo kama alivyoshika nondo ya kutobolea miamba, kwa ngumi nzima, akapiga kwa nguvu kupita kiasi. Mstari ukatoka umepinda, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Nimeiharibu?"

"Hapana, Asosie," Ngeleka alisema. "Twende."

Wakakimbilia behewa. Nkongolo alipanda kwanza, akamnyooshea mkono.